Nywele za mtoto tunazipima. Na mtoto mwenyewe je?



Siku ya saba ya kuzaliwa mtoto ni siku ya shughuli katika nyumba zetu za Unguja. Mbuzi huchinjwa, jina hutangazwa, kichwa cha mtoto hunyolewa, na wenye kuitekeleza sunna kwa ukamilifu huzikusanya nywele zile wakazipima, kisha wakatoa sadaka ya fedha yenye uzito wake. Huenda mtu akatumwa kwa sonara kutafuta mizani ya kupimia kitu chepesi namna ile. Muulize baba siku hiyo hiyo mtoto wake ana kilo ngapi. Atakutajia uzito wa siku aliyozaliwa, kama aliukumbuka. Uzito wa leo haujui yeye, haujui mama, wala haujui bibi aliyemshika mtoto mapajani, kwa kuwa mtoto hajatolewa nje, na hatatolewa mpaka itimie arobaini.

Makala haya hayakuandikwa kuipinga arobaini. Wazee wetu waliiweka kwa hekima: mzazi akae, akandwe kwa maji ya moto, anywe uji wa pilipili manga na supu, asishike ufagio wala ndoo, na watu wasipishane chumbani kumpokezana mtoto. Mkunga yeyote wa leo atakubali kwamba hayo ni mema. Lakini desturi iliyowekwa kumstiri mama imekuwa, katika baadhi ya nyumba, pazia la kumficha mtoto katika siku zile zile ambazo anahitaji zaidi jicho la mwenye ujuzi. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kwamba Tanzania hupoteza watoto 24 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai kabla hawajatimiza mwezi mmoja, na kwamba wanaofariki kabla ya kufika miaka mitano ni 43. Maana yake zaidi ya nusu ya vifo vyote vya watoto wadogo hutokea ndani ya siku 28 za mwanzo. Shirika la Afya Duniani nalo linaeleza kwamba takriban robo tatu ya vifo vya watoto wachanga duniani hutokea katika wiki ya kwanza. Yaani kabla ya akika, au siku yake.

Katibu wa kamati ya msikiti ana daftari. Sisi hapa Chukwani humo tunamwandika anayetaka kusomewa dua ya akika, na humo humo tunamwandika anayekuja kuomba sanda. Maiti ya mtoto mchanga haihitaji jeneza wala watu wanne. Baba huibeba mikononi hadi makaburini. Ukurasa huo ndio ulionifanya niandike.

Tuanze na sheria, maana ndiyo inayotajwa sana na kufahamika kidogo. Nifasi ni damu inayotoka baada ya kuzaa. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, kiwango chake kikubwa ni siku 60, kilichozoeleka ni siku 40, na kidogo chake ni mara moja tu. Mwenye nifasi hasali, hafungi, hatufu Al-Kaaba, na mumewe hamkaribii. Fungua kitabu chochote cha fikihi unachokiamini, hutakuta kwamba mwenye nifasi amekatazwa kuvuka kizingiti cha nyumba yake akiwa na mtoto mgonjwa. Inaelekea watu wameichanganya nifasi na eda ya mfiwa, na hata huyo wa eda hutoka kwa dharura. Arobaini ya kukaa ndani ni ada. Ada njema huheshimiwa, lakini haisimami mbele ya kuhifadhi nafsi, ambayo ni katika makusudio makuu ya sheria yetu.

Wapo watakaosema kwamba umri umeandikwa. Ni kweli umeandikwa. Sayyidna Umar (r.a.) aliliamini hilo kuliko sisi, na pamoja na hivyo alipofika Sargh akaambiwa kwamba tauni imeingia Sham, aligeuza msafara akarudi nao Madina. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Allah, alijibu kwa maana ya kwamba anaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari yake nyingine.

Ratiba inayoelekezwa na wataalamu si nzito. Mama na mtoto waangaliwe na mhudumu wa afya ndani ya saa 24 za mwanzo, warudiwe siku ya pili au ya tatu, kisha kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, kisha wiki ya sita. Anayezalia hospitali asiharakishwe kurudi nyumbani kwa sababu tu gari imeshafika na wageni wanangoja. Anayezalia nyumbani, na bado wapo, mtoto apelekwe kituoni siku hiyo hiyo. Zanzibar tuna pia wahudumu wa afya wa kujitolea katika shehia zetu, chini ya programu ya Jamii ni Afya ya Wizara ya Afya, ambao kazi yao ni kupita majumbani kwa wajawazito na wenye watoto wadogo. Akibisha hodi mmoja wao ndani ya arobaini, asiambiwe arudi mtoto akishatoka. Amekuja kwa ajili ya siku hizo hizo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalotupoteza zaidi: sifa ya upole. Mtoto analala asubuhi mpaka adhuhuri, haombi ziwa, hapigi kelele, akishikwa analegea. Bibi anatabasamu na kusema, "Mpole mjukuu wangu, hana makuu." Ndani ya siku za mwanzo upole wa namna hiyo unaweza kuwa ndiyo dalili ya kwanza ya maradhi, na pengine ni dalili pekee. Mtoto mchanga hana uwezo wa kukohoa kwa nguvu wala kulalamika kama mkubwa. Maradhi yakimwingia damuni, hunyamaza. Kwa hiyo mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri kisha akaacha, au anayenyonya mara mbili tatu akachoka akalala, au asiyejitikisa mpaka aguswe, huyo hangojewi kuche.

Pamoja na hilo kuna mengine. Homa, yaani joto la kwapani la nyuzi 37.5 au zaidi. Ubaridi, joto likishuka chini ya nyuzi 35.5, na huu watu hawaujali kwa kuwa wamezoea kuogopa homa tu. Kutapika kila anachonyonya. Kukakamaa au kutetemeka viungo. Kuguna kila anapotoa pumzi. Kifua kubonyea chini ya mbavu kila anapovuta pumzi. Na kupumua mbio. Hili la mwisho ningependa akina baba walichukue liwe lao, maana halihitaji ujuzi wala chombo zaidi ya saa ya simu. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, fungua nguo yake, tazama tumbo linavyopanda na kushuka, hesabu kwa dakika moja kamili. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, maana pumzi ya mtoto mchanga haiendi sawasawa. Ukipata 60 au zaidi, tulia kidogo, hesabu tena. Ukipata hivyo hivyo, toka naye.

Kuhusu kukakamaa, yaani degedege, najua nyumba nyingi zinavyofanya. Kwanza huitwa mwalimu, chetezo huwashwa, kombe huandikwa kwa zafarani, na mtoto hunyweshwa. Kumsomea mtoto aya za Qur'ani ni jambo jema na lina asili katika sunna. Msomee, na umsomee ukiwa ndani ya gari. Ama moshi katika chumba kilichofungwa, kwa kifua kinachohangaika kupata hewa, ni madhara. Na maji ya kombe, hata yakiwa yameandikwa kwa nia safi, ni maji ambayo tumbo la siku tano halijayahitaji. Suala la hirizi wanazuoni wamelizungumza kwa urefu na hapa si mahala pake. Ninalolisema ni kwamba kamba iliyofungwa shingoni mwa mtoto anayelala ni hatari kwa sababu ya kamba yenyewe.

Hata hivyo, bibi zetu walikuwa wakitazama mahali sahihi. Wao kitu cha kwanza wanachokiangalia kwa mtoto ni utosi, na daktari naye huuangalia. Utosi uliobonyea sana kwa mtoto anayeharisha au asiyenyonya humaanisha maji yamempungua mwilini. Utosi uliovimba na kukaza wakati mtoto halii huweza kuashiria maradhi ya ubongo. Bibi ameona kweli. Kosa liko kwenye kuubandika dawa utosi na kungoja, wakati tatizo liko tumboni au kichwani.

Umanjano nao una maneno mengi. Watoto wengi hupata manjano kidogo usoni na machoni siku ya pili au ya tatu, kisha yakaondoka yenyewe. Lakini manjano yanayoonekana ndani ya saa 24 za kuzaliwa, au yaliyoshuka mpaka viganja na nyayo, au yanayoambatana na uzito wa kuamka, yanahitaji hospitali, kwani yakizidi huharibu ubongo na masikio. Kumlaza mtoto kwenye jua la asubuhi hakutibu hali hiyo. Taa za hospitali zinazotumika si sawa na jua, na mtoto mchanga huungua upesi.

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi watu wa pwani kipekee. Katika jamii zetu, na za ndugu zetu wa Oman na Ghuba kwa jumla, wapo watu wengi wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, wanaourithi katika ukoo, na zaidi huwadhuru watoto wa kiume. Mwenye upungufu huo huishi salama mpaka akutane na baadhi ya vitu vinavyovunja chembe nyekundu za damu yake. Kimojawapo ni vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali tunavyoweka kabatini kufukuza wadudu wa nguo. Kanga na nguo za mtoto zilizotunzwa navyo tangu mtoto aliyetangulia zifuliwe na zianikwe vizuri kabla hazijamgusa mchanga. Cha pili ni hina. Madaktari katika Ghuba wameripoti watoto wachanga wenye upungufu huo waliopakwa hina kwa ajili ya baraka na pambo, damu yao ikavunjika vibaya. Hina tumwachie mama.

Kuhusu kitovu, majibu yametoka nyumbani. Kati ya mwaka 2011 na 2013 kulifanywa utafiti kisiwani Pemba uliohusisha watoto wachanga zaidi ya 36,000. Baadhi walipakwa kitovuni dawa ya kuua vijidudu iitwayo klorheksidini, na wengine kitovu kiliachwa kikavu bila kitu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016, na tofauti ya vifo baina ya makundi haya mawili ilikuwa ndogo kiasi kwamba haikuweza kuthibitisha kuwa dawa ile iliokoa maisha. Ikiwa dawa ya hospitali yenyewe haikuonesha ubora juu ya ukavu na usafi, basi majivu, wanja, mafuta na mate yana hoja gani? Kitovu kiachwe kikavu, nepi ikunjwe chini yake, mikono ioshwe. Kikiwa chekundu kuzunguka ngozi, au kikitoa usaha au harufu, mtoto apelekwe.

Maziwa ya mama yana makala yake, na aya ya 233 ya Suratul Baqara inajulikana na kila msomaji wa ukurasa huu: imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, ikamwekea baba wajibu wa chakula na nguo za mama, na ikataja mashauriano baina yao. Tunapenda kutaja miaka miwili na kusahau miezi sita ya mwanzo, ambayo wataalamu wanataka iwe ya maziwa ya mama pekee, bila maji, bila uji mwepesi, bila dawa ya mchango ya dukani. Swali huja: na tahniki je? Tahniki ni sunna iliyothibiti. Abdallah bin Zubair (r.a.) alifanyiwa na Mtume (s.a.w.) kwa tende. Ni kiasi kidogo kabisa cha tende iliyolainishwa, kinasuguliwa kwenye kaakaa. Haikukusudiwa kuwa chakula. Mwenye kuifanya awe mzima, asiye na kikohozi wala kidonda mdomoni. Wanaotumia asali mahala pa tende waiache, kwa sababu asali inaweza kubeba mbegu za kijidudu kinachopooza viungo vya mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Tende zipo sokoni mwaka mzima.

Mama atajuaje kwamba maziwa yanatosha? Anyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa usiku na mchana, na kuanzia kama siku ya tano ahesabu nepi zilizolowa mkojo. Sita au zaidi kwa siku ni habari njema. Kisha mizani. Mtoto hupungua uzito siku za mwanzo, pengine hata kufikia sehemu moja ya kumi, na hufaa awe ameurudisha uzito wake wa kuzaliwa akifika wiki mbili. Aliyezaliwa na kilo 3 akawa na kilo 2.8 siku ya nne si ajabu. Akiwa na kilo 2.8 siku ya kumi na tano, kuna jambo, na arobaini ingelificha kwa siku 25 nyingine.

Kadi ya kliniki ina michoro ya mistari ambayo wazazi wengi huiona kama ya mkunga tu. Huwa nasikia mtu akisema, "Sisi ukoo wetu wadogo, mistari hiyo ya Wazungu." Si ya Wazungu. Vipimo hivyo vilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006 baada ya kufuatilia watoto wapatao 8,500 katika nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Marekani na Oman, na huko Oman mji wenyewe ulikuwa Muscat, ambako nusu ya Ng'ambo ina shangazi au mjomba. Walichaguliwa watoto wanaonyonyeshwa, katika nyumba zisizo na mvutaji miongoni mwa akina mama, na zenye uwezo wa chakula na matibabu. Ikaonekana kwamba katika hali hiyo watoto wa nchi zote hukua kwa namna inayokaribiana sana. Mtoto mmoja kuwa mdogo kuliko mwenzake si hoja. Hoja ni mstari wake: ukipanda sambamba na ile iliyochorwa, alhamdulillahi; ukilala au ukishuka, ulizeni sababu.

Chanjo sitazikalia sana kwa kuwa vituo vinazieleza vizuri. Ya kifua kikuu na matone ya polio hutolewa anapozaliwa. Kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kisha surua na rubela miezi 9 na miezi 18. Kidonda kidogo kinachotokea begani baada ya chanjo ya kifua kikuu ni cha kawaida, kisipakwe kitu. Angalieni kwamba wiki ya sita ni siku 42. Arobaini ikitimia, safari ya kwanza ya mtoto nje iwe ya kliniki, kisha ndiyo aende kwa babu.

Na akili yake pia ifuatiliwe, kwa upole na bila kumlinganisha na mtoto wa jirani. Kati ya wiki ya sita na ya nane anatarajiwa kumjibu mama kwa tabasamu. Miezi mitatu huwa anafuata uso wa mtu kwa macho, na miezi minne shingo imekaza. Kadiri miezi sita inavyokaribia hushika vitu, hujigeuza, hutoa sauti za kuzungumza. Kelele kubwa zinapotokea ghafla hushtuka. Ikiwa mlango unabamizwa, adhana inapigwa kipaza sauti dirishani, na yeye hatikisiki kamwe hata akiwa macho, masikio yake yapimwe mapema, kwa sababu kiziwi anayegunduliwa akiwa mdogo hufundishwa lugha kwa wakati wake. Zungumzeni naye. Baba anayeona haya kuzungumza na kitoto kisichojibu amsomee sura fupi anazozihifadhi. Mtoto atasikia sauti yake na kumzoea.

Limebaki lililo zito zaidi nalo ni ruhusa. Mama ameona dalili saa nane za usiku. Mume yuko baharini, au zamu hotelini Nungwi, au simu yake imezimwa. Mama mkwe anasema tungoje baba yake aje. Mke mwema hapendi kuvunja amri ya mumewe, na hofu hiyo ni katika uchamungu wake, lakini inamgharimu mtoto. Wanazuoni wetu hawakumfunga mke mlangoni panapokuwa na dharura ya uhai. Hata hivyo ni bora asiachwe kufanya fikihi peke yake usiku wa manane. Kwa hiyo naomba kila baba, siku ile ile anayoadhini sikioni mwa mwanawe, amwambie mkewe mbele ya mama yake mzazi: nimekuruhusu kutoka na mtoto huyu saa yoyote utakayoona dalili, niwepo nisiwepo, na sitakuuliza kwa nini.

Kisha atenge nauli. Anayeweza kununua mbuzi wawili kwa akika ya mtoto wa kiume anaweza kuweka pesa ya gari chini ya godoro, na asiyeweza kununua hata mmoja basi aanze na hiyo ya gari, maana akika haimlazimu asiye na uwezo. Kila msikiti unao vijana wenye gari na bodaboda wanaoishi hatua chache kutoka mlangoni. Kamati iwaulize ni nani yuko tayari kuamshwa usiku, iandike majina na namba zao, karatasi moja ibandikwe ukutani upande wa wanaume na nyingine upande wa wanawake, na imamu aikumbushe baada ya sala ya Ijumaa. Namba zihakikiwe kila mwezi, kwa kuwa vijana hubadilisha laini.